Kuhamia San Miguel de Allende: mwongozo wa anayekwenda kuishi

San Miguel de Allende, katika jimbo la Guanajuato nchini Meksiko, ni mji unaouza nyumba zake kwa picha. Kuta za rangi ya udongo na machungwa, vichochoro vya mawe, na kanisa la mawe ya waridi, Parroquia, lenye minara iliyochongoka. Wageni wengi huchagua nyumba kwa kuangalia kama kanisa hilo linaonekana kutoka juu ya paa. Ushauri wangu ni kinyume: mandhari iwe ya mwisho. Anza na maji, mlima na kelele. Ukivipanga vizuri hivyo vitatu, kanisa utaliona tu, maana halijifichi.

Historia kidogo, kwa sababu inaeleza bei. Mji ulianzishwa mwaka 1542 na padri wa Kifransisko, Juan de San Miguel, ukatajirika kwa kuwa kando ya njia ya kusafirishia madini ya fedha iliyotoka Zacatecas kwenda Mexico City. Mwaka 1769 alizaliwa hapo Ignacio Allende, mmoja wa viongozi wa vita vya uhuru, na mwaka 1826 jina lake likaunganishwa na la mji. Biashara hiyo ilipofifia, mji ulisinzia, na kusinzia huko ndiko kulikoziokoa nyumba za zamani, kwani hakukuwa na pesa za kuzibomoa. Mwaka 1937 alifika Mmarekani Stirling Dickinson akajihusisha na shule za sanaa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari wastaafu wa Marekani walimiminika kusoma uchoraji kwa ada iliyolipwa na serikali yao. Wastaafu wa Marekani na Kanada hawajaacha kuja tangu hapo. Mwaka 2008 UNESCO ikauingiza mji kwenye Urithi wa Dunia pamoja na kanisa la Atotonilco lililo jirani. Kwa hiyo hapa ni ghali kuliko miji mingi ya Meksiko ya ukubwa wake. Kama mfuko wako ni mwembamba, tazama mji wa Guanajuato wenyewe, wenye chuo kikuu na mahandaki ya magari chini ya barabara, au Dolores Hidalgo ulio umbali wa kilomita 40 hivi. Mengi ya mwongozo huu yatakufaa huko pia.

Hatua ya kwanza: karatasi

Pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinahitaji viza kuingia Meksiko. Kuna mlango wa pembeni ambao wengi hawaujui: ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, au ukaazi wa kudumu katika mojawapo ya nchi hizo, unaingia kama mgeni bila viza ya Meksiko. Ndiyo maana kwa ndugu zetu walioko Houston au Toronto safari hii ni nyepesi kuliko kwa aliyeko Dodoma. Aliyeko Afrika Mashariki aanzie Ubalozi wa Meksiko ulioko Nairobi.

Kama mgeni, kikomo ni siku 180, lakini afisa wa uhamiaji halazimiki kukupa zote. Usiondoke dirishani kabla ya kusoma idadi ya siku ulizoandikiwa, na kama una tiketi ya kurudi au mkataba wa nyumba, uwe nao mkononi. Kwa hadhi hiyo huruhusiwi kulipwa mshahara na mwajiri wa Meksiko.

Anayetaka kukaa zaidi aombe ukaazi wa muda, residente temporal, na aombe akiwa nje ya Meksiko. Ubalozi utataka kuona kipato cha kila mwezi au akiba benki. Kiwango hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo chukua takwimu za mwaka huo kutoka ubalozini kwenyewe, si kwa mtu aliyehama zamani. Viza utakayobandikiwa ni ya kuingia mara moja ndani ya siku 180, na si kibali chenyewe. Ukifika uwanja wa ndege mwonyeshe afisa ukurasa wa viza na hakikisha ameandika siku 30 pamoja na neno "canje", yaani kubadilisha. Akikugongea kama mtalii, mwombe arekebishe hapo hapo, kwa upole lakini bila kusogea. Ndani ya siku hizo 30 lazima ufungue faili Uhamiaji (INM) ili ubadilishiwe viza kwa kadi, na San Miguel ina ofisi yake. Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja, kisha unaweza kuongeza hadi jumla ya miaka minne, halafu ukaomba ukaazi wa kudumu.

Hatua ya pili: njia ya kufika

Usikate tiketi ya bei nafuu inayopitia Marekani kama huna viza ya huko. Marekani inadai viza hata kwa anayebadilisha ndege tu, na Kanada nayo ina masharti yake. Kutoka Nairobi pita Amsterdam au Paris. Kupitia Istanbul kunawafaa hata wanaoondokea Dar es Salaam, Zanzibar, Entebbe au Kigali. Walioko Ghuba wana ndege ya Dubai kwenda Mexico City inayotua Barcelona njiani.

San Miguel haina uwanja wa ndege za abiria. Ulio karibu zaidi ni wa Querétaro, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, kisha wa Bajío karibu na León, saa moja na nusu. Viwanja vyote viwili vina ndege za moja kwa moja kutoka Houston na Dallas. Ukitua Mexico City mchana, kuna basi la Querétaro linaloondokea hapo hapo uwanjani, na Querétaro unabadilisha. Njia nyingine ni kwenda kituo cha mabasi cha kaskazini, Central del Norte, upande basi la ETN au Primera Plus, mwendo wa saa nne hivi. Mabasi hayo ni mazuri kweli, mtu hulala kama yuko kitandani. Ukitua usiku, lala Mexico City uondoke asubuhi.

Beba pasipoti mfukoni, si kwenye sanduku lililo chini ya basi. Uhamiaji huwa wanasimamisha mabasi, na Mwafrika kati ya abiria ndiye wa kwanza kuulizwa.

Hatua ya tatu: nyumba

Usilipie nyumba ya mwaka ukiwa bado kwenu. Kodi chumba cha wiki chache, kisha utembee kwa miguu.

Mlima kwanza. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kidogo zaidi ya Nairobi, na umejengwa kwenye mteremko. Mtu wa Mombasa au Dar atahema wiki ya kwanza, hilo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kupanda kila siku na mifuko ya soko juu ya mawe ya mviringo yaliyolainishwa na miaka, na mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Acha viatu vya kisigino. Balcones na Atascadero ziko juu, hewa safi na mandhari ya kukata pumzi, lakini bila gari utakuwa mteja wa teksi. Guadiana, upande wa kusini karibu na bustani ya Juárez, ni tambarare na tulivu. Wenye magoti mabovu waanzie hapo. San Antonio ina wenyeji wengi, maduka madogo na watoto mitaani, na bado unafika katikati kwa miguu. Guadalupe ina michoro mikubwa ukutani na iko karibu na La Aurora, kiwanda cha zamani cha nguo kilichogeuzwa kuwa maduka ya wasanii. Mimi ningechagua San Antonio. Hapo ndipo Kihispania chako kitakua, kwa sababu muuza mayai hatakujibu kwa Kiingereza.

Kisha kelele. Mtaa wa Centro unapendeza mpaka Jumamosi usiku. San Miguel ni mji wa harusi za watu waliotoka mbali, na harusi hapa hutembea: mbele kuna punda aliyepambwa maua, nyuma yake wanasesere wakubwa kuliko mtu, mmoja bwana harusi na mmoja bibi harusi, wakiyumba juu ya mabega ya vijana waliojificha ndani, kisha tarumbeta. Ukipanga kwenye njia yao, kila wikiendi uko harusini. Ongeza kengele za makanisa na fataki za kila mtakatifu. Kilele ni sikukuu ya Malaika Mikaeli mwishoni mwa Septemba. Alfajiri ya La Alborada, wakati watu wa miji mingine wamelala, uwanja wa mbele ya Parroquia hulipuka fataki kwa muda mrefu, na watu wanacheza chini ya cheche. Nenda ukaone. Lakini kuona ni jambo moja, na kulala juu yake ni jambo lingine. Ikague nyumba mara mbili, mchana na Jumamosi usiku, na usikilize juu pia: mbwa wengi hapa hufugwa juu ya paa, nao hubweka kutoka huko.

Baridi wageni huidharau. Usiku wa Desemba na Januari joto hushuka karibu na nyuzi sifuri, na nyumba hizi za kuta nene hazina mitambo ya joto. Uliza kama kuna meko au hita ya gesi inayofanya kazi, na iwashwe mbele yako. Miezi ya joto kali ni Aprili na Mei, mvua ni Juni hadi Septemba, na mara nyingi hunyesha alasiri.

Wakati mzuri wa kutafuta nyumba ni baada ya Pasaka, wastaafu wa kaskazini wakisharudi makwao na wenye nyumba wameanza kulegea. Januari hadi Machi utalipa bei ya wakimbia theluji. Mkataba huwa kwa Kihispania, amana ni ya mwezi mmoja au miwili, na baadhi watataka mdhamini mwenye nyumba nchini humo. Mgeni huwa hana, basi pendekeza kuongeza amana. Piga picha kila ufa kabla ya kusaini. Na soma bei kwa makini: alama ya $ Meksiko ni ya peso, ila matangazo ya nyumba kwa wageni mara nyingi ni dola kweli. Uliza "¿Pesos o dólares?" kabla ya kushtuka, au kabla ya kufurahi.

Hatua ya nne: maji, gesi, umeme

Maji ya bomba ya San Miguel usinywe, na usidanganywe na mtu atakayekuambia uyachemshe. Mji unategemea maji ya ardhini yaliyochotwa kupita kiasi, na kadiri visima vinavyochimbwa chini zaidi ndivyo maji yanavyokuja na madini ya floridi na aseniki. Wasomaji wa Arusha, Nakuru na Naivasha wanaijua floridi kwa rangi ya meno. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Madini hayatoki, tena yanazidi kukolea maji yakipungua sufuriani. Chujio la kawaida la mkaa nalo haliyatoi ipasavyo. Kinachofaa ni mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, osmosis inversa, au maji ya galoni za lita 20, garrafón, yanayoletwa hadi mlangoni. Angalia kizibo kama kimefungwa. Galoni tupu ni mali, unaibadilisha na iliyojaa, usiitupe. Kama nyumba ina mtambo wake, uliza vichujio vilibadilishwa lini, na usitosheke na jibu la "hivi karibuni". Maji hayo safi yatumie na kwenye kupikia, hasa wali, uji na chai. Kuoga na kufua, bomba linatosha.

Maji ya bomba hayatoki saa zote kila mtaa, ndiyo maana kila nyumba ina hifadhi: tangi la chini ya ardhi, pampu, na simtanki juu ya paa. Siku ya kukagua nyumba omba kifuniko cha tangi kifunguliwe uchungulie, kisha fungua bomba la bafu la ghorofani uone nguvu yake. Bili ya maji hutoka kwa SAPASMA, mamlaka ya maji ya mji.

Gesi ndiyo inayopika na kuchemsha maji ya kuoga. Nyumba nyingine zina mitungi, nyingine zina tangi la kudumu juu ya paa lenye kipimo cha asilimia. Mwulize mwenye nyumba limejaa kiasi gani unapoingia, na mkiandike. Magari ya gesi hupita mitaani yakijitangaza kwa kipaza sauti, utayazoea.

Umeme ni volti 127, si 240 kama kwetu. Chaja za simu na kompyuta zinakubali, lakini birika, pasi na blenda uviache nyumbani, hata ukiwa na adapta. Hakuna luku, bili ya CFE, shirika la umeme la taifa, huja kila miezi miwili. Ukizidisha matumizi kwa muda mrefu unahamishiwa daraja la bei ya juu, na kulitoka kunachukua muda, kwa hiyo tahadhari na hita za umeme. Kabla ya kusaini, omba kuona bili ya mwisho.

Hatua ya tano: pesa na simu

Nunua laini ya Telcel, inashika vizuri. Vocha, bili na malipo mengi madogo hufanyika kwenye maduka ya OXXO yaliyo kila kona. Toa pesa kwenye mashine iliyo ndani ya benki mchana, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa kiwango chake, kataa. Benki yako itakupa bora. Tembea na noti ndogo, maana noti ya 500 sokoni ni balaa kwa muuzaji. Teksi hazina mita, uliza nauli kabla ya kupanda.

Kuwapigia wa nyumbani ni rahisi kukumbuka: Meksiko ya kati iliacha kubadili saa mwaka 2022, kwa hiyo tofauti ni saa tisa mwaka mzima. Saa sita mchana San Miguel ni saa tatu usiku Nairobi na Dar.

Hatua ya sita: kula

Mlo mkuu ni wa mchana, kati ya saa nane na saa kumi. Tafuta fonda, yaani mama lishe wa huko, aliyeandika comida corrida kwenye ubao: supu, wali, sahani kuu, tortila na kinywaji kwa bei moja. Soko la Ignacio Ramírez liko karibu na katikati, na Jumanne kuna gulio kubwa nje kidogo ya mji ambako mboga, viatu na vyuma chakavu huuzwa bega kwa bega.

Tortila nunua kwa kilo kwenye kiwanda kidogo cha mtaani, zikiwa bado moto, na uende na kitambaa chako cha kuzifungia. Ugali? Usiusonge kwa unga wa tortila. Mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, yananukia tofauti, na mwiko utanasa kwenye kitu kama udongo wa mfinyanzi. Tafuta unga wa mahindi wa kawaida usiopitia chokaa, au nunua mahindi makavu utafute wa kukusagia.

Kwa Waislamu, hapa pana mtego. Mafuta ya nguruwe, manteca, hutiwa kwenye maharage ya kupondwa, kwenye tamale, na mara nyingi kwenye tortila za ngano. Tortila za mahindi za kiwandani kwa kawaida ni mahindi, maji na chokaa tu. Uliza "¿Lleva manteca de puerco?" kabla ya kuagiza hata chakula kisicho na nyama. Nyama ya halali si kitu cha kukikuta bucha la mtaani, hivyo wengi hukaa kwa samaki, mayai, jibini, parachichi na majani ya mpungate, nopales, ambayo yakikaangwa na kitunguu hayana tofauti kubwa na bamia.

Hatua ya saba: afya na usalama

Kwa homa ndogo, maduka mengi ya dawa yana chumba cha daktari pembeni, na gharama ni ndogo. Kwa makubwa, wengi huenda hospitali za Querétaro. Uwe na bima. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kujiunga kwa hiari na IMSS, bima ya afya ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa serikali, japo yapo maradhi ya awali yanayokataliwa. Jambo moja usilisahau: ukipata homa miezi ya mwanzo baada ya kutoka Afrika Mashariki, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka kwenye malaria na uombe kipimo. San Miguel haina malaria, kwa hiyo daktari wa pale hatakuwa na sababu ya kuifikiria.

Nge wapo. Kung'uta viatu na shuka, na ukiumwa nenda hospitali upesi, dawa yake ipo.

Jimbo la Guanajuato limekuwa na mauaji mengi miaka ya karibuni kwa sababu ya magenge, hasa ukanda wa Celaya, Salamanca na Irapuato. San Miguel yenyewe ni tulivu kuliko jirani zake. Safiri mchana, tumia barabara za kulipia, na namba ya dharura ni 911.

Hatua ya nane: watu

Jifunze Kihispania kabla ya kuondoka. Mswahili ana bahati: irabu tano ni zile zile, ukisoma neno ulivyoliona watu watakuelewa. Salamu ndiyo ufunguo. Huingii dukani bila "buenos días", hupiti meza ya watu wanaokula bila "provecho", na mkubwa kwa umri humwiti "tú", yaani wewe ya kirafiki, mpaka akuruhusu, tumia "usted", ile ya heshima. Wastaafu wengi wa kigeni hawajali haya. Ukiyajali wewe, mtaa utakujua wiki ya kwanza.

Watakutazama, na wengi watadhani wewe ni Mkuba au Mhaiti. Meksiko ina watu wake weusi: Vicente Guerrero, rais wa pili wa nchi na mwenye asili ya Kiafrika, alipiga marufuku utumwa mwaka 1829, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 2.5 wanaojitambulisha hivyo. Ila jamii zao zinazojulikana zaidi ziko pwani za majimbo ya Guerrero, Oaxaca na Veracruz, mbali na hapa. Utaitwa "moreno" (mwenye ngozi ya giza) au "negrita" (mweusi mdogo) na muuza nyanya anayekuongezea nyanya ya bure. Wewe ndiye utakayepima lipi la kucheka na lipi la kukataa.

Hatua ya tisa: kununua, kama ikibidi

Kodi kwanza mwaka mzima ili uonje baridi, mvua na Septemba. San Miguel iko mbali na pwani na mipaka, kwa hiyo mgeni anaweza kuandikishwa nyumba kwa jina lake mwenyewe bila benki kushika hati kwa niaba yake kama inavyolazimu ufukweni. Mauziano yote hupita kwa notario público, mwanasheria mwenye mamlaka ya serikali. Usilipe pesa kubwa kwa dalali kabla notario hajapekua hati. Kwenye eneo la kihistoria, kubadili mlango, dirisha au rangi ya ukuta wa mbele kunahitaji kibali, na majengo ya zamani yako chini ya INAH, taasisi ya taifa ya mambo ya kale na historia. Waliowahi kukarabati nyumba Mji Mkongwe au Lamu wanazijua ofisi za namna hiyo. Jenga muda wa kusubiri kwenye bajeti yako, na kadi ya ukaazi uipeleke INM ndani ya siku 30 kabla haijaisha, hata kama fundi yuko katikati ya kazi.